Siku Niliyojificha Chini ya Gari Wenzangu Wakioshana Miguu

Nitaisimulia mwenyewe, ndugu zangu, kwa sababu nimesikia jinsi inavyosimuliwa kule Kituku kwenye soko la samaki, wengine wanasema nilikutwa nimelala usingizi chini ya gari, wengine wanasema nilikuwa naiba mafuta (ya gari langu mwenyewe, sijui mtu anaibaje kilicho chake), na ukweli ni mbaya kuliko hayo yote. Nilikuwa macho kabisa. Nilikuwa nimejificha ndugu zangu wa kanisa wasinione, siku ya Sabato, saa ya kuoshana miguu, mimi muzee wa kanisa ambaye nusu yao niliwafundisha kusoma na nusu nyingine niliwafundisha kuomba.

Gari aliniachia binti yangu aliyeolewa Bukavu alipopata jingine, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninapoliwasha, maana magoti yangu na pikipiki za kukodi havipatani tena. Ni dogo na ni zee, usukani uko kulia wakati barabara zetu zinatutaka tuendeshe kulia, kwa hiyo anayekaa mbele pamoja nami ndiye anayeliona lori linalokuja kabla sijaliona mimi, na mke wangu amezoea kuniambia "pita" au "ngoja", bila yeye sipiti kitu. Kioo cha upande wake wa kushoto kilikwama juu zamani na hakishuki, ndiyo maana lazima tuwashe klima, ile mashine ya kupoza hewa, la sivyo mtu anaiva humo ndani kama kiazi kwenye majivu.

Basi klima ikaanza kumwaga maji. Si nje, chini ya gari, mahali inapotakiwa kuyadondosha, bali ndani, kwenye miguu ya anayekaa kushoto. Wiki mbili nilikuwa nayakausha kwa kitambaa, nakamua, nakausha tena, nikiamini (na niliomba hata kwa ajili ya hilo, Mungu anisamehe) kwamba yatakoma yenyewe. Jumatano nilikwenda kwa fundi Bahati kule Ndosho, akainama, akatazama, akacheka.

"Mwalimu, klima yako haina ugonjwa. Inatoa jasho, na jasho lazima lipate njia ya kutoka. Kale ka tiyo ka chini ka kutolea maji kamejaa hili vumbi letu jeusi la volkano. Ni kukachokoa na waya tu, dakika kumi. Leo niko na kazi ya watu, uje Ijumaa."

Ijumaa nilifika saa kumi, nikakuta magari mawili mbele yangu. Sisi tunaotunza Sabato, Ijumaa ni siku ya matayarisho, jua likizama mikono inaacha kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Ningengoja saa moja, ningemaliza na jua bado liko juu. Lakini shati langu jeupe lilikuwa halijapigwa pasi, nikaona jua kama linanifukuza, nikasema moyoni, wiki ijayo. Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo hivyo, la ukubwa wa shati.

Sasa niwaeleze kwa nini Sabato hiyo haikuwa Sabato ya kawaida. Kulikuwa na Meza ya Bwana, na kwetu hakuna anayekula mkate kabla hajamwosha mwenzake miguu na kuoshwa, na kama una jambo na mtu, ni huyo unayemtafuta. Mimi nilikuwa na jambo na Papa Gervais kwa miaka saba. Tulijenga pamoja ukuta wa kanisa, jiwe kwa jiwe, mawe yale ya volkano yanayochana vidole. Kisha Sabato moja asubuhi nilimkuta kando ya barabara, moto yake, yaani pikipiki, imelala ubavu, yeye anaziba mupira, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikapita bila kumsalimu. Alipofika kanisani, nikamsimamisha mbele ya watu wote, mke wake akiwepo, nikamwambia aonyeshe mikono yake. Akaionyesha. Kisha akatoka, na hakurudi. Mara tatu niliwatuma watu kwake (niliwatuma, sikwenda), na mara tatu waliambiwa yuko mzima, asante.

Mwezi wa Meza hiyo mke wake, Mama Vumilia, alimwambia mke wangu kwamba Gervais atakuja kwenye Meza, kwa sharti moja, kwamba atakayemwosha miguu ni Mwalimu na hakuna mwingine. Sikulala vizuri wiki nzima. Nikasema angalau nitakwenda kumchukua kwa gari, apande kama mgeni wa heshima. Nilijua hatajaribu mara ya pili.

Sabato asubuhi mke wangu alitangulia kanisani, mimi nikakausha sakafu, nikatandika gunia lililokunjwa, nikafika kwao Ndosho. Alitoka amevaa kostimi, suti ya kijivu, na viatu vya kahawia vinavyong'aa, Mama Vumilia nyuma yake ameshika mfuko wenye taulo.

"Mwalimu," akasema.

"Papa Gervais," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza katika miaka saba, na kwa dakika kumi na tano hayakupata mwenzake. Alikaa mbele. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao linalokwenda kama linasindikiza maiti, nami sikuweza kuona kama barabara iko wazi, na yeye aliyeona hakusema "pita" wala "ngoja", na mimi sikuthubutu kumuuliza. Tulilifuata lori hilo, moshi na vumbi vikituingia kwa matundu tusiyoyajua, jasho likimshuka kwenye shingo, mpaka nikamwonea huruma nikawasha klima, kidogo tu, nikijiambia gunia litanywa kitakachodondoka.

Kilichotoka hakikudondoka. Nilikanyaga breki kwenye shimo, na maji yakaja kutoka chini ya dashibodi kama mtu amepindua sufuria, yakaingia kwenye viatu vyote viwili vya Papa Gervais.

Alitazama viatu. Kisha akatazama barabara.

"Ni nini?" akauliza Mama Vumilia kutoka nyuma.

"Maji."

"Ya wapi?"

"Umuulize Mwalimu."

"Ni klima," nikasema. "Inatoa jasho."

Mama Vumilia si mtu wa kuacha kimya kikae. "Basi inatuogopa," akasema. "Mutu mwenye hofu ndiye anatoa jasho vile."

Nilicheka peke yangu, na kicheko kikafa peke yake.

Kanisani alivua soksi mlangoni, akazikamua, akazitia mfukoni, akavaa viatu bila soksi, akaingia. Nilikaa nyuma yake nikitazama pindo la suruali yake lililolowa, na mahubiri sikuyasikia, Mungu ananijua. Nilikuwa nawaza safari ya kurudi. Maji yakimmwagikia mara ya pili atasema nini? Atasema Mwalimu alinivua heshima mbele ya watu miaka saba iliyopita, leo amenichukua kwa gari ili animwagie maji machafu. Na mawingu yalikuwa yanakusanyika, maana yake hata kutembea hataweza. Dakika kumi, Bahati alisema, waya tu. Mhubiri alikuwa ndiyo kwanza ameanza hoja ya pili, naye huwa na hoja tano. Nikajitafutia sababu, na mtu aliyesoma Neno miaka mingi hakosi sababu: nikajiambia ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenyewe humtoa. Gari si ng'ombe, na shimoni hakukuwa na mtu, mpaka nilipoingia mimi.

Nilitoka kama mtu anayekwenda msalani. Gari nilikuwa nimeliegesha uani, nyuma ya kanisa, magurudumu ya kushoto yakiwa juu ya ukingo wa mawe kando ya ukuta, kwa hiyo upande ule palikuwa na nafasi ya kuingia mtu mwembamba. (Mimi si mwembamba, ila nilikuwa na haraka.) Nilivua koti nikaliacha kwenye kiti, nikachukua kitundikio changu cha koti, cha waya, nikakinyoosha, nikalala chali kwenye changarawe za volkano kwa shati langu lile jeupe, nikajisukuma kwa visigino. Tiyo niliipata. Ni kitu kidogo cha mpira, hakizidi kidole. Nikaingiza waya, ukagoma. Nikauzungusha, ukaingia kidogo, ukanasa, na kola ya shati langu nayo ikanasa mahali fulani juu ya kichwa changu.

Hapo ndipo niliposikia viti vya mbao vinaburutwa.

Kumbe mchungaji aliona wingu kubwa linakuja kutoka upande wa ziwa, akamkatiza mhubiri kwenye hoja ya tatu, akasema tuoshane miguu mapema kabla ya mvua, akina mama wabaki ndani, wanaume watoke uani kama kawaida yetu. Kawaida hiyo naijua, niliipanga mwenyewe. Wakaja na mabenchi, mabeseni na bidoni, yale madumu ya maji, wakayapanga kivulini, na kivuli kilikuwa cha ukuta na cha gari langu. Beseni la karibu niliweza kuligusa kama ningenyoosha mkono.

Na hapa ndipo kosa la pili, ambalo halikuwa dogo. Ningeweza kusema, ndugu, nipo huku, nivuteni. Lakini niliona viatu vinavuliwa, miguu inashuka kwenye maji, nikasikia wanaanza kuimba taratibu, nikawaza kwamba watamaliza, wataingia, nami nitatoka, nitanawa, nitavaa koti juu ya tope, na hakuna atakayejua. Nikanyamaza. Niliwatambua kwa miguu yao, huyu mwenye kidole kilichopinda ni seremala, huyu mwenye mguu mpana ni shemasi Innocent, na nilitetemeka chini pale kama mwanafunzi aliyejificha chini ya dawati, mimi niliyewahi kuwatoa wengi huko.

Wimbo ukaisha. Nikasikia sauti ya mchungaji.

"Papa Gervais, umebaki peke yako. Innocent amemaliza, anaweza kukuosha."

"Hapana, Mchungaji. Ninangoja mutu."

"Nani?"

"Mwalimu."

Nikavuta visigino vyangu ndani.

"Mwalimu eko wapi?" mchungaji akauliza watu.

"Nilimuona anatoka," mmoja akasema. "Labda ni tumbo."

"Labda amerudi nyumbani," akasema mwingine.

Miguu ya Papa Gervais ilikuwa mbele yangu kabisa, mitupu, juu ya changarawe. Hakuwa ameiingiza kwenye beseni.

"Kama amerudi nyumbani, basi sawa," akasema polepole. "Na mimi nitarudi. Nilikuja kwa ajili yake."

Na nikaona mkono wake unashuka, unachukua kiatu kimoja, bado kimelowa, na mguu wa kulia unaanza kuingia.

Ningependa sana kuwaambia kwamba hapo niliita. Mdomo niliufungua, hilo ni kweli, na jina lake lilikuwa kooni. Lakini nilipojikaza kuinua kichwa, mkono ulivuta waya, na donge la vumbi jeusi lililokuwa limeziba wiki mbili likachomoka, na maji yote yaliyokuwa yamekusanyika ndani yakashuka kwa mara moja, usoni, machoni na kwenye mdomo uliokuwa wazi. Yana ladha ya chuma na kitambaa kilichooza. Nikakohoa kama ng'ombe.

"Sikilizeni," akasema Innocent. "Gari ya Mwalimu inakohoa."

Kisha magoti yake yakaonekana, na uso wake ukaja juu chini, macho yamemtoka. Alinitazama, akatazama waya mkononi mwangu.

"Mchungaji, Mwalimu eko huku chini."

"Anafanya nini?"

Innocent ni mtu mkweli, nilimbatiza mwenyewe katika ukweli huo. Alifikiri kidogo, akasema, "Anatengeneza gari."

"Leo?" sauti moja ikauliza nyuma, si kwa nguvu, na neno hilo moja ndilo lililonichoma kuliko kicheko kilichofuata.

Walinivuta kwa miguu, wawili, mmoja kila upande. Kola ilikataa kunifuata, vifungo viwili vikaruka. Akina mama waliposikia vicheko walitoka kuona, mke wangu akiwa mbele, akanitazama mara moja tu, akageuka, akarudi ndani. Nilisimama. Tope lilikuwa linanitiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye mkanda. Papa Gervais alikuwa bado ameketi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ananitazama bila kucheka.

Kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha, maana walianza kukumbuka, mmoja baada ya mwingine. Niliona wanakumbuka. Sikungoja mtu aniambie. Nilinyoosha mikono yangu mbele yake, viganja juu.

"Papa Gervais," nikasema, "siku ile nilikuambia uonyeshe mikono mbele ya watu hawa. Ya kwangu ni hii. Nilikukosea mbele yao, ninakuomba msamaha mbele yao."

Akaitazama muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Mimi nilikuwa na mupira mumoja tu wa moto," akasema. "Wewe umeingia mwili muzima."

Watu wakacheka tena, hata mchungaji. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa natazama kile kiatu. Hakukivua wala hakuvaa cha pili. Mvua ilianza kudondosha matone makubwa kwenye mabati na hakuna aliyeondoka. Kisha akainama, akakivua, akakiweka kando.

"Innocent, leta bidoni ingine," akasema. "Haya maji hayatamtosha huyu." Na kwangu akasema, "Kaa."

Nilikaa, nikanyoosha mguu kwenye beseni kama desturi ilivyo.

"Acha miguu kwanza. Tuanze na kichwa."

Akanishika nyuma ya shingo, kama mtu anavyomshika mtoto asiyetaka kuoga, akanimwagia maji, akanisugua uso kwa kiganja chake kigumu, akatoa tope sikioni mwangu kwa kidole gumba, polepole, upande huu na upande huu, na mvua ikimsaidia. Kisha ndipo akaosha miguu. Alipomaliza, tulibadilishana. Miguu yake ilikuwa ya baridi na ngozi imejikunja.

"Hii umeshaiosha njiani," akasema. "Lakini rudilia, ile haikuwa na taulo."

Baraza la wazee lilininyima mimbari miezi mitatu, na nililishukuru, maana lingeweza kuninyima zaidi. Wachache waliona adhabu ni kali, nikawaambia si kali.

Niliwarudisha nyumbani mvua ikiwa bado inanyesha, klima ikiwaka, sakafu ikiwa kavu kama jiko lililozimwa. Nilikuwa na swali ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa chini ya gari: miaka saba yote sikuwahi kuuliza alikuwa anakwenda wapi asubuhi ile. Nilikuwa nimeanza kujitayarisha kwa jibu lolote, mgonjwa aliyekuwa anangojwa hospitali, mjane aliyekwama, chochote ambacho kingenimaliza kabisa. Nikalisema.

"Papa Gervais, ile siku ya moto, ulikuwa unaenda wapi?"

Alifikiri.

"Sikukuwa naenda mahali."

"Mahali popote?"

"Popote. Mupira ulitoboka Alhamisi. Ijumaa nikaona nimechoka, nikasema nitauziba kesho asubuhi mapema, watu hawajatoka."

Mama Vumilia alicheka mpaka akafuta macho kwa taulo. "Nilimuambia," akasema. "Nilimuambia Ijumaa."

Tulifika kwao. Papa Gervais alifungua mlango, lakini hakushuka mara moja.

"Ulikuwa na haki ya kunikemea, Mwalimu," akasema. "Nilikosa. Ila nyumba yangu ulikuwa unaijua. Ungekuja, ningekupa kiti."

Akashuka, akaenda ndani kwa hatua fupi, akiruka madimbwi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tone la kwanza likionekana kwenye gari langu sasa, siku hiyohiyo niko kwa Bahati, hata wawepo watu kumi mbele yangu, hata shati liwe na makunyanzi. Hilo ni rahisi. Lililo gumu ni lile jingine nililoliapa nikiwa bado nimeshika usukani mbele ya nyumba ile, kwamba sitamsimamisha tena mtu mbele ya watu kabla sijabisha kwake, nikakaa kwenye kiti atakachonipa, nikamwuliza. Nimeshabisha milango miwili tangu siku hiyo. Wa kwanza nilifunguliwa, tukanywa chai. Wa pili nilisikia watu wanatembea ndani, na hakuna aliyenifungulia. Nitarudi Jumatano.